Tundu la Ngata

Kanisani waliniuliza mjukuu wangu anafundisha nini chuo kikuu. Alipokuja likizo tulienda mtoni pamoja, ukungu umeufunika mlima, nikamwambia anieleze nipate la kujibu. Akachukua ngata yangu ya majani ya mgomba, ile ya kuwekea ndoo kichwani, akaiminya, akaipinda.

“Nyanya, tundu limepotea?”

“Litapoteaje, na hujaikata?”

“Basi hesabu yangu ndiyo hiyo. Umbo likipindwa, ni nini kinabaki.”

Nilipanda kurudi nyumbani na maji kama ninayeota, hata mlima, ukungu ulipoondoka, nikauona umepindwa tu.

Jumapili nikawaeleza: anafundisha kisichopotea.

“Si hiyo ni dini?” mke wa mchungaji akauliza.

“Hapana. Ni hesabu, na mwalimu ni wangu.”