Msoshalisti Aliyeombewa Kila Jumamosi

Mwaka 2015 nilikuwa Columbus, Marekani, nimepanga chumba mtaa wa Clintonville, naandika tasnifu kuhusu mwanasiasa mmoja wa Uhispania ambaye hakuna aliyemjua, hata Wahispania wawili niliokutana nao. Alikuwa msoshalisti. Alianza na ukarani wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha kusindika samaki, akawa diwani, meya, mbunge, hatimaye mtu wa pili wa chama mkoani kwao. Hoja yangu ilikuwa fupi: huyu ni mtu asiyeachia kiti. Niliieleza kwa kurasa mia mbili.

Wakati huohuo mama yangu, nyumbani Kenya, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza sufuria motoni, kisha majina ya majirani. Kaka yangu alinipigia simu. "Come home. Mum bado anakuulizia, lakini sijui ni for how long." Nikamjibu nitakuja nikimaliza. Nilimjibu hivyo mara nyingi hadi akawa ananimalizia sentensi.

Jumamosi asubuhi nilijiunga na maombi ya simu. Watu wa Louisville, Columbus na Buffalo tulipiga namba moja tukaombeana hadi sauti zikakauka. Kiongozi wetu alikuwa mama Mkongomani wa Louisville, mpakiaji wa mizigo ghalani, aliyeandika mahitaji yetu kwenye daftari na kuyafuatilia bila huruma. Siku moja zamu yangu ilipofika nilishindwa kumtaja mama. Wangeniuliza mbona sijaenda. Nikasema tumwombee mwanasiasa wangu, ana uchaguzi ndani ya chama, na akishindwa sura yangu ya tano inaanguka naye.

"Bon, sawa," akasema. "Ule muntu alishaokoka?"

"Hapana, mama. Ni msoshalisti. Kanisani haendi."

Kisha shemasi wa Buffalo, mzee Mkongomani wa mtaa wa East Side mwenye mgongo mbovu, akasema, "Donc, basi tumuombee mara mbili."

Basi akaombewa kila wiki, baada ya mgongo wa shemasi na kabla ya wanaosubiri makaratasi ya uhamiaji. Alishinda. Mama wa Louisville akapiga vigelegele, akatia alama kwenye daftari, lakini hakumfuta. Alisema roho yake bado.

Miezi miwili kabla ya kutetea tasnifu yangu, yule bwana aliwaita waandishi wa habari akajiuzulu vyeo vyote. Mama yake alikuwa amevunjika nyonga, naye alikuwa anarudi kijijini kumpikia. Niliisoma habari hiyo mara tatu nikitafuta kashfa. Haikuwepo. Nilimkasirikia sana, kana kwamba tulikuwa tumepatana.

Jumamosi nikawaambia wenzangu kwa sauti ya msiba. Wakashangilia.

"Mungu amejibu!" mama wa Louisville alikuwa analia kwa furaha. "Amekumbuka mama yake!"

Nikazima maiki, nikalia mimi pia, kwa aibu. Ndege za kwenda nyumbani zilikuwepo kila siku, na mimi nilikuwa najua bei zake kwa moyo.

Sikupanda. Msimamizi wangu alitaka hitimisho jipya: kwa nini mtu kama huyu aliacha kila kitu? Niliandika kurasa thelathini bila kufungua kitabu. Kaka alipiga simu mara mbili nikiwa katikati ya kuziandika. Mara ya pili alisema Mum siku hizi haulizi tena. Nikamaliza aya. Jopo la watahini lilinisifu, likasema inaonekana namwelewa sana mtu huyu. Nilipita bila masahihisho hata moja.

Wiki iliyofuata nilifika nyumbani. Mama alikuwa ameketi uani, amevaa sweta. Alinisalimia kwa adabu, akaniagizia kiti na chai, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina lake mwenyewe. Akawaza kidogo, akasema mama huyo hamjui, ila nikishakunywa chai nisikawie, maana atakuwa ananingoja.