Kiti cha Kulia kwa Muzee Twagirimana

Nusu ya nyumba za mbao za mtaa wa Mabanga zimepigiliwa na fundi Sikuli, na yeye mwenyewe amepanga chumba kimoja miaka kumi na mmoja. Mkewe, Marie-Louise, aliuza unga mpaka wakapata kiwanja Kibati, kisha akauza tena mpaka zikapatikana dola mia tisa za mbao na mabati.

Jumapili moja, baada ya misa, Sikuli alizitia zote mfukoni akaenda kwenye baa ya Murara wanakocheza poka, karata za pesa. Zamani alikwenda na dola ishirini, akafukuzwa mapema. Safari hii alijiambia kuwa mwenye nyingi mbele yake anaweza kuisubiri karata yake bila hofu. Bwana huyu!

Akaingia muzee Twagirimana, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Masisi. Sikuli akasimama, kama alivyolelewa.

"Muzee, ikala hapa ku ukuta. Miye nitasogea."

"Aksanti sana, mutoto yangu."

Akahamia kiti cha kulia kwa mzee. Tangu hapo, karibu kila mchezo, Sikuli ndiye aliyetangulia kusema, na mzee akaamua baada ya kumsikia. Aliigundua hasara hiyo upesi, lakini aliona haya kumnyanyua mtu mzima. Namlaumu, ingawa nami ningefanya vilevile.

Alasiri akapata nane na tisa za kopa. Mezani zikafunuliwa karata tatu za wote, mbili zikiwa kopa. Ilibaki kopa moja tu, zitimie tano za aina moja, ambazo ni vigumu kushindwa. Akaweka dola arobaini. Mzee akapandisha hadi mia na ishirini. Angeziacha karata hapo hapo. Akalipa. Karata ya nne haikuwa kopa. Sikuli akagonga meza kuonyesha anapita bila kuweka kitu, mzee akaweka mia mbili, naye Sikuli akalipa tena.

Ya tano ikawa kopa.

Furaha ikampanda kichwani. Hakujua mwenzake ana nini, na zamu ya kusema ilikuwa yake. Akasukuma zote zilizobaki.

Mzee alimtazama kwa huruma ya kweli. "Na miye nakufwata, mutoto yangu," akasema, akafunua kopa mbili kubwa kuliko za Sikuli, akazoa zote.

Nyumbani Sikuli alimkuta Marie-Louise ametoka Kibati kupima kiwanja kwa kamba, uso umechangamka. Akamwita kwa jina la mtoto wao:

"Papa Élisée, mulango tuweke upande gani? Ku barabara ao ku bustani?"

Sikuli alitaka kumwambia yaliyotokea. "Ku barabara," akajibu. "Nyumba ipate mwangaza."

"Na mbao utaleta siku gani?"

Akakaa sakafuni, akalia mbele ya mkewe kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua. Marie-Louise hakuuliza pesa zimekwenda wapi. Aliikunja kamba polepole, kisha akamwuliza kama pesa ya kodi ya chumba, walau hiyo, imebaki.