Kijindege cha Kahawani Bwera, na Mwalimu Aliyetaka Ushahidi

Niliondoka Kasese na hasira. Mwalimu wetu wa bayolojia alikuwa amelifuta jina langu kwenye klabu ya wanyamapori, wiki tatu kabla klabu haijaingia mbugani, kwa sababu niliandika kwamba kwenye kahawa ya mjomba wangu, huko Bwera, kuna kijindege kinachotoka Ulaya kila mwaka.

"Hilo ni jike la kwera," alisema mbele ya darasa. "Lete ushahidi."

Jumamosi saa moja asubuhi nilidandia lori la saruji lililotoka Hima. Simu yangu ni ya tochi, haina kamera, basi nilibeba daftari. Tulipofika Kikorongo dereva aliniuliza nafuata nini Bwera. Nikamwambia. Alicheka mpaka lori likayumba.

"Ndege? Kwenu kuku wameisha?"

Saa nne nilikuwa kahawani, shingo juu. Kikaja! Mgongo wa kijani kibichi, nyusi ya manjano hafifu, miguu ya rangi ya majani makavu. Kuna ndege wa aina nyingine anayefanana nacho sana, ila miguu yake ni myeusi. Hakitulii: jani hili, jani lile, kinadonoa vidudu, kinaita *hu-iit*. Kwera ana mdomo mnene wa kuvunjia mbegu. Hiki mdomo wake ni sindano. Nilijaza kurasa mbili.

Saa saba Mjomba aliniita tule. Mezani, kwenye sahani ya wageni, kijindege kililala chali.

"Mutoto ya dada yangu," alisema, manati ikining'inia shingoni, "utoke mbali Kasese sababu ya ndege, nikuache uangalie juu ya muti tu? Sasa iko karibu. Angalia muzuri."

"Mjomba, umekiua!"

"Ndiyo. Ilikuwa inakataa kutulia."

Utamfokea vipi mtu aliyekupa heshima hiyo? Nilikula ugali wa muhogo nimevimba kama chura. Halafu, aibu yangu, nikakitia kwenye kopo, Jumapili nikarudi nacho.

Jumatatu Mwalimu hakusoma hata mstari mmoja wa daftari langu. Alifungua kopo, akaziba pua, akaitazama miguu, akalinganisha na kitabu chake.

"Kumbe kweli! Sasa huu ndio ushahidi." Akaliandika jina langu upya.

Nilichojifunza ni hiki: ndege mzima wa daftarini ni uongo wa mwanafunzi, ndege anayenuka ni sayansi. Kimevuka bahari na jangwa, kikaja kufia sahanini ili mimi niaminiwe. Nilichukua kalamu mezani, nikalifuta jina langu mimi mwenyewe.

"Wewe! Na mbugani je?"

"Mwalimu, huko nikiona tembo, nitakuletea kwenye kopo gani?"