Mnadi wa Samaki na Mke Wake Mdogo

Habari ilinikuta napaa samaki magamba, na kwa kuwa aliyefariki alikuwa mtu wa samaki, hiyo ilikuwa njia ya haki kabisa ya kunifikia. Jirani alisimama mlangoni, akasema inna lillahi, kisha akanitajia mnadi wetu wa Kivinje, yule aliyekuwa akinadi samaki ufukweni tangu mimi sijajua kujifunga kanga. Kifua kilimsumbua siku mbili, siku ya tatu akajinyoosha baada ya adhuhuri, hakuamka tena. Nikaweka kisu chini nikalia, sikufichi msomaji wangu. Kisha katikati ya kilio nikacheka, maana nilikumbuka kwamba marehemu ameacha wajane wawili: mkubwa amepita sitini, na mdogo ana miaka minne.

Usinishtaki. Unajua kama ninavyojua kwamba kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi humwita mke mwenzangu, na wote watatu huishi kwa kugombana kuhusu kichwa cha samaki. Kwa mzee huyu lakini utani ulikuwa na kazi nyingi kuliko kawaida. Mungu alimjaalia mtoto mmoja tu, wa kiume, ambaye sasa ni fundi umeme Lindi mjini. Kijana akaoa mwalimu, binti wa Kiranjeranje, naye pia ni mtoto wa pekee kwao. Walipopata binti wakageuka kushoto na kulia kutafuta wa kuwashikia mtoto, wakakuta pamekauka. Mtoto hana shangazi, hana mjomba, hana mama mdogo wala baba mkubwa. Bibi wa Kiranjeranje ana ufuta na mikorosho yake, na shamba halilei mtoto. Basi alipoachishwa ziwa wakamleta Kivinje, kwa wiki mbili tu, mpaka wapate dada wa kazi. Huyo dada anatafutwa mpaka leo.

Bibi wa Kivinje huuza vitumbua, na mteja wa kitumbua hangoji mtoto aoshwe uso. Aliyekuwa hana la kufanya ni babu, ambaye ndio kwanza amestaafu. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, ila hawakusema mlezi ni mwanamume wa miaka sabini mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Samaki wakija wengi, wavuvi walikuwa bado wanamwita anadi, naye alikuja na mtoto mgongoni, amembeba kwa kanga ya mkewe. Wenzake barazani walimcheka mpaka wakachoka. Akawajibu, "Nyinyi wake zenu wanawabeba. Mimi wangu namhudumia."

Tatizo ni kwamba mtoto alizoea kulala kwa sauti ya mnada. Mzee akinyamaza, anaamka na kupiga kelele. Kwa hiyo samaki wakiisha, mzee alilazimika kuendelea. Siku moja nilikuwapo: nguru wameisha, vibua wameisha, mtoto ndio kwanza amesinzia. Akanadi kapu tupu. Akanadi ndoo ya mtu. Mwisho akanyakua mwavuli wangu mkononi, "Mwavuli wa mwandishi huu, haujatoboka, nani anaongeza?" Aliuuza kweli, na mnunuzi akagoma kuurudisha. Nilirudi nyumbani juani, nikiwa nimenyang'anywa mali yangu kwa ajili ya usingizi wa mtoto asiye wangu.

Mtoto alipoanza chekechea, mwalimu alitaka mzazi aje kikaoni. "Mume wangu atakuja," akasema mke mdogo. Mume akaja, kofia imepigwa pasi, akakaa kati ya kina mama vijana. Hoja ilikuwa moja: nani atawapikia watoto uji, siku gani. Kina mama wote wakaanza kutazama vidole vyao vya miguu. Mzee hakuvumilia mnada uliopoa. Akasimama: "Jumatano hii hapa, mbichi, nani anaichukua? Jumatano mara ya kwanza! Jumatano mara ya pili!" Kwa kucheka, kina mama wakajikuta wamezichukua siku zote, isipokuwa Jumatatu. Jumatatu aliinadi mpaka jasho likamtoka, haikupata mtu. Akajiuzia mwenyewe. Tangu hapo kila Jumatatu alikuwa akikoroga uji wa watoto wa watu, akilalamika kwamba mke mdogo ni gharama.

Hapo kwenye kulalamika ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sikumsikia mzee huyu hata siku moja akisema amechoka, bali nilimsikia akitania. Nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Mimi nimestaafu kwa wavuvi nikaajiriwa na mke mdogo. Likizo hatoi, na mshahara ni mate begani." Mwanawe alipopiga simu kutoka Lindi, mzee alimwambia, sote pale barazani tukisikia, "Huyu mama yako wa kambo ataniua! Njooni mumchukue walau Ijumaa moja, nipumzishe mgongo!" Kijana alicheka mpaka akakohoa kwenye simu. Tukacheka na sisi. Baadaye nikaambiwa maneno yale kijana aliyaweka kwenye sitetasi yake ya WhatsApp, na alama za kucheka tatu. Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita.

Sisemi vijana wale ni wabaya. Wanafanya kazi, wanatuma matumizi, na siku ya Idi walikuja na nguo. Lakini mtoto wa pekee hakuwahi kuambiwa ngoja, sasa ni zamu ya mwenzio. Amekua akijua kwamba baba na mama ni wake peke yake, wapo tu, kama kisima cha uani. Wakioana wawili wa namna hiyo, kila mmoja humngojea mwenzake alete ndugu wa kusaidia, na ndugu hayupo. Zamani mzigo kama huo ungezunguka ukoo mzima na usimwumize mtu. Siku hizi unamwangukia mzee mmoja, naye anautania ili usionekane ni mzigo. Na utani ukinoga, nani atakumbuka kuuliza kama mgongo unauma kweli?

Baada ya hitima nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Mjane mkubwa amekaa mkekani kwa nguo nyeupe. Pembeni yake mjane mdogo, naye amejifunga kipande cha shuka jeupe, uso umekunjwa, hataki kucheza na mtu. Mlangoni akaja kijana, mkewe nyuma yake na begi la mtoto.

"Mama, tumeona tusikuchoshe zaidi. Tunaondoka na mtoto Lindi, kuna jirani atamshika."

"Huyu haondoki," akasema mama. "Yuko edani."

Wanawake tukaangua kicheko. Kijana naye akacheka, kama alivyozoea.

"Na chekechea je?" mmoja akauliza, kuchokoza.

"Mjane mwenye shughuli ya lazima hutoka mchana akarudi. Chekechea ruhusa, Lindi hapana. Amefiwa na mume kama mimi, na nyumba hii hawezi kuihama mpaka eda iishe. Anayemtaka atamkuta hapa, Ijumaa kwa Ijumaa."

Kicheko kikapungua, kwa sababu mama hakuwa anacheka. Alikuwa amemshika mtoto mkono kwa nguvu. Nikaelewa kwamba mwanamke huyu amempoteza mume na sasa, wiki hiyohiyo, ananyang'anywa na mtoto pia, na hana neno jingine la kuombea ila mzaha alioachiwa na marehemu. Kijana akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani.

"Basi nitakuja, mama."

"Tutakuja," mkewe akasahihisha, akaliweka begi chini.

Ninachojifunza ni hiki, na ninakupa nawe mwenye wazazi wanaokushikia mtoto: mzee akitania, cheka, maana anataka ucheke. Ukishamaliza kucheka, rudia maneno yake taratibu bila kicheko, usikie anaomba nini. Marehemu aliomba Ijumaa moja, na tulikuwa wengi barazani tuliosikia.

Kijana sasa huja kila Ijumaa na mkewe. Mke hurudi Jumapili kuwahi wanafunzi wake, yeye hubaki hadi Jumatatu mchana, kwa sababu Jumatatu bado ilikuwa haina mwenyewe. Nilipita chekechea nikamkuta anakoroga uji, umeshika chini, moshi umemwingia machoni. Watoto walimzunguka wakiuliza huyu mgeni ni nani. Binti yake akajishika kiuno, akawajibu kwa masikitiko ya mjane aliyeachiwa ulezi:

"Huyu ni mtoto wa marehemu mume wangu. Namfundisha kupika."