Fundi Asiyejulikana

Mwelezaji wa makumbusho ya sanaa za jadi alikuwa na ulimi wa asali. Ngoma, midoli ya matambara, magari ya waya, kila kitu alikipa hadithi yake, na wageni walimfuata chumba hadi chumba kama vifaranga. Ila akifika kwenye meza ya vibatari, maneno yalimkaukia. "Fundi wake hajulikani," husema, kisha huwahimiza wasogee.

Uongo mtupu. Vibatari vile, vilivyonunuliwa sokoni, vilitoka mikononi mwa baba yake mzazi, aliyeokota makopo jalalani akamsomesha. Shuleni wenzake walimwita Mtoto wa Jalala, naye aliapa kazini wasilisikie jina hilo kamwe. Mkataa kwao mtumwa, walisema wahenga. Huyu alikuwa na sare kabisa, yenye vifungo vya kung'aa.

Asubuhi moja aliingia na wageni, mkurugenzi akiwa nyuma yao. Kwenye meza ya vibatari alisimama mzee mwenye koti lililopigwa pasi, amevuka kamba, anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa kopo. Ndivyo baba yake alivyokagua kila kibatari, kisije kikamkata mtoto wa mtu.

Angesema tu, "Shikamoo, baba." Mdomo ukamponza.

"We mzee! Huoni kamba? Vitu vya makumbusho havishikwi!"

Mzee alimtazama, akamtazama mkurugenzi, akaelewa yote. Akarudisha mkono. "Nisamehe, bwana mkubwa. Uzee huu."

Mama mmoja mpenda maswali akadakia, "Na aliyevitengeneza, yu hai bado?"

"Hajulikani," alijibu mwelezaji. Akawahimiza wasogee.

Alipoachana na kundi lile alitoka mbio. Mzee alikuwa langoni, anafunga kamba za viatu.

"Baba..."

"Shh, wasikusikie. Unaeleza vizuri, mwanangu. Nilitaka tu nikuone kazini." Akampigapiga begani, akashika njia ya kituoni.

Kundi lililofuata lilipofika kwenye vibatari, mwelezaji alisema kwa sauti hata mkurugenzi akageuka: "Hivi alivitengeneza baba yangu."

Wageni waliitikia kwa kichwa, wakasogea kwenye ngoma. Aliyestahili kulisikia neno hilo alikuwa ameshapanda basi.