Doti Isiyokatwa

Maji ya wadi, korongo la mafuriko, yalipokauka, migunga iliyo chini ya mji wa Ibra, Oman, ilibaki imevaa nguo. Mashati, suruali, magauni ya watoto yaliyokuwa bado na vikaratasi vya bei, yote yalisombwa kutoka majalalani yakanasa matawini. Shouq alisimama pale ukingoni akaangalia mpaka kitu kikamchoma moyoni. Alikuwa amemaliza chuo Nizwa, mwaka wa pili huo akingoja kazi isiyokuja, na nyumbani kwao palikuwa na cherehani ya bibi yake inakula vumbi. Akarudi, akaipangusa, akaitia mafuta.

Dunia imeshona nguo nyingi kuliko miili ya kuzivaa, na bado kila siku madukani tunaambiwa kwamba tu uchi. Shouq hakuwa mtu wa hotuba. Alijiwekea sharti moja akalishika kama sala: hatanunua kitambaa kipya hata shubiri moja. Atashona kwa nguo ambazo wenyewe wameziacha, na hata kipande kidogo hatatupa. Kila Jumatano alikwenda soko la wanawake, ambako mwanamume hatii mguu, akawaomba kina mama mitandio iliyofifia, mapazia, magauni ya arusi za watu waliokwisha kuwa mabibi. Akashona majaketi mafupi, mapana ya mabega, manjano imekutana na kijani cha kasuku, zambarau imepakana na rangi ya chungwa. Akaziita nguo zake Baqaya, yaani masalio.

Vijana wakazipenda. Wengine walizivalia suruali, wengine juu ya kanzu zao nyeupe, na mitaa ya Ibra ikaanza kuwaka. Ami yake Shouq alicheka, akauliza kama siku hizi watoto wa watu wanavaa mapazia. Badar, kaka yake Shouq, alimjibu kwa adabu zote kwamba ndiyo, na kwamba ami naye akizidi kunenepa atashonewa la sebuleni.

Aliyefurahi kuliko wote ni Bibi Turkiya. Alikuja Oman kutoka Unguja akiwa mke kijana, mtoto mgongoni, na mpaka leo Kiswahili chake ni kilekile cha mjini alichotoka nacho. Shouq alikua na kukielewa, lakini akijibu nusu yake huwa Kiarabu. Bibi alikuwa na sanduku la kanga, nyingine zimevaliwa mpaka zikalainika kama ngozi ya mtoto. Presha ilipomlaza hospitali siku chache, Shouq alimwomba kanga kuukuu za kushonea.

"Fungua sanduku," Bibi alimwambia. "Chukua zile usizoniona nazo mwilini."

Shouq alifungua. Chini kabisa, ndani ya mfuko mweupe, palikuwa na doti ya kanga za kisutu, nyekundu kama komamanga lililopasuliwa, nyeusi na nyeupe zikiipita katikati. Kanga huuzwa mbili zimeshikana, na mwenye nazo huzikata na kuzipinda kabla ya kuzivaa. Hii haikukatwa wala haikupindwa. Kwa hakika Bibi hakupata kuivaa hata siku moja. Pamoja nayo palikuwa na kifurushi cha kafuri. Shouq alifikiri ni dawa ya nondo, akaikung'uta kafuri dirishani, akachukua mkasi.

Likatoka jaketi ambalo hakupata kushona mfano wake. Alilipeleka kwenye soko la vijana Nizwa, katika mtaa wa zamani chini ya ngome, na halikumaliza hata saa moja. Alilinunua kijana wa Sur, Firas, mwanafunzi wa pale, akalivaa papo hapo na kuomba apigwe picha.

Bibi aliporudi nyumbani, Shouq alimwamkia, akakaa kitandani kando yake na kumwonyesha ile picha kwenye simu. Bibi alivaa miwani. Aliangalia muda mrefu.

"Na kafuri," akauliza taratibu, "umeiweka wapi?"

Akavua miwani, akageukia ukutani.

Ni mama yake Shouq, Mahfoudha, aliyemweleza, jikoni, kwa sauti ya chini. Maiti ya mwanamke haioshwi wazi. Wanawake wenziwe humfunika kanga, wakaishika huku na huku, na maji yakamwagwa kwa juu, kabla ya kuvishwa sanda nyeupe. Mwanamke wa Unguja aliyejiweza huiweka kanga yake mapema, mpya, na kafuri yake. Mama yake Bibi Turkiya alinunua doti mbili zilizokatwa katika gora moja. Moja akampa binti yake siku ya kuondoka, moja akabaki nayo. Alipokufa akaoshwa chini ya ile yake, na Turkiya yuko huku, hana njia ya kwenda. Kila mwezi wa Shaaban tangu hapo Bibi hufungua mfuko, akatia kafuri mpya, akafunga. Hakupata kumweleza mjukuu kwa sababu hakudhani kuna mtoto wa kike asiyejua.

"Mimi ndiye nilipaswa kukufundisha," Mahfoudha alisema. "Mambo ya mauti niliona ni mazito kwako."

Bibi hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alikula uji kidogo chumbani, peke yake, na mlo ulipotengwa alisema ameshiba. Tangu Shouq aanze kutambaa walikuwa wakila sinia moja, Bibi akimchambulia samaki miiba. Sasa upande wake wa sinia ulibaki mkavu. Mahfoudha aliwahi kutaja kwamba kanga mpya zinapatikana Maskati. Bibi alisema, "Mpya n'nazijua," na maneno yakaishia hapo.

Nguvu zake zilikuwa zikipungua. Shouq aliona wazi kwamba kama Bibi ataondoka kabla ya doti ile kurudi, hatakuwa na wa kumwomba radhi. Alimtafuta Firas kwa simu, akaambiwa yuko Sur kwa mapumziko, na Badar akampeleka kwa gari.

Firas aliwapokea mlangoni kwao akiwa amelivaa lile jaketi. Aliposikia linatakiwa lirudi, uso ulimkunjamana. Alisema kwao kila kitu ni cha kaka zake wakubwa kwanza, na hili ndilo vazi la kwanza ambalo watu walisimama kumwuliza amelipata wapi. Halafu akamkumbusha Shouq alichomwambia Nizwa: kwamba hii ni nguo isiyo na mwenyewe.

"Mwenyewe yuko," Shouq alisema. "Ni bibi yangu. Aliiweka aoshwe nayo."

Firas alifungua zipu, akavua, akalikunja kwa mikono miwili kama mtu anayekunja mkeka wa kusalia. Fedha alizorudishiwa alizikataa. "Mwambie nililivaa bila kujua," alisema. "Niombee radhi kwake."

Kufumua ni kazi ngumu kuliko kushona. Shouq alifumua mshono mmoja mmoja, akatoa zipu, akaufungua ule mfuko wake wa vipande asivyotupa, akavipata vyote vya doti ile, hata vile vyembamba kama utambi. Akavirudisha mahali pake. Mikono ikawa bapa tena, mabega yakawa bapa. Kisutu kikarudi kuwa kitambaa, kikiwa na makovu kila upande. Akakifua, akakianika, akaingia nacho chumbani pamoja na mama yake. Akafikisha kwanza salamu ya Firas, kisha akaomba radhi yake mwenyewe, kwa Kiswahili kitupu, akijikwaa.

Bibi alipitisha vidole juu ya makovu. Kisha akajinyoosha chali kitandani, mikono ubavuni.

"Nifunikeni tuone."

Mahfoudha alishika upande wa kichwa, Shouq upande wa miguu. Wakaitandaza juu yake, kanga moja juu ya nyingine. Mikasi na mishono vilikuwa vimekula kitambaa, na ncha haikufika.

"Upepo nausikia miguuni," Bibi alisema.

Shouq alitoka. Alirudi na jaketi lake mwenyewe, la kwanza kabisa kulishona, rangi ya chungwa, alilolitoa katika gauni lake la Idi ya utotoni. Gauni lile lilishonwa na Bibi. Akaukata mgongo wa jaketi mbele ya Bibi, akakaa sakafuni, akauunga kwenye kisutu kwa mkono. Akakata uzi. Wakatandaza tena. Rangi ya chungwa ikashuka mpaka chini ya nyayo.

"Hapo hapo miguuni ndipo utakaposhika nikioshwa," Bibi alimwambia. "Na siku hiyo usitetemeke. Kanga itaniacha wazi."

"Sitatetemeka, Bibi."

Bibi alifumba macho, akatulia hivyo mpaka Shouq na mama yake wakaangaliana.

"Haya, nikunjieni," akasema. "Tieni kafuri. Na hilo sinia likitengwa mniite, n'na njaa."