Niliikimbia Filamu, Nikaishia Nyuma ya Shuka

Jamani, mkiniona napita mtaani kwetu Nyakabiga nimeinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza sindano, msidhani nimekuwa mcha Mungu ghafla. Ni aibu tu, na aibu yenyewe sikutupiwa na mtu, niliiendea kwa miguu yangu miwili, alasiri ya Jumamosi, mbele ya ukumbi mzima.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki kule mtaa wa Asiatique (Issa wa cheni, ndivyo wanavyoniita) na mambo ya sinema si yangu. Mke wangu Mariamu ndiye aliyesikia kwamba kituo cha vijana kitaonyesha filamu ya mume na mke, halafu watu watabaki kuzungumza juu ya ndoa. Akaniambia, "Baba Shakuru, twende. Tangu umenioa hujanipeleka mahali pasipo na msiba ao arusi." Maneno yake yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli, nikavaa shati langu jeupe la Idi, tukaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi, akina mama waliovaa vitenge vya kutokea, watu wa ofisini na wake zao. Mbele wametundika shuka kubwa jeupe, nyuma amekaa bwana mmoja na kompyuta na ile mashine ya kurusha picha. Nageuka kuangalia nani yuko nyuma yetu, namwona Haji Sudi na mkewe! Haji Sudi ni mtu mkubwa kwenye kamati ya msikiti wetu, na siku zile kamati ilikuwa inatafuta mtu wa kuongeza, na mimi (niseme ukweli, tuko wenyewe hapa) nilikuwa naitamani nafasi ile mpaka nilishaanza kukohoa kama mwanakamati.

Wakafunga madirisha, wakazima taa, filamu ikaanza. Mume na mke wanakaa nyumba moja lakini hawasemezani, kila mtu na sahani yake, kila mtu na upande wake wa kitanda. Mariamu ametulia, mikono mapajani, hapepesi macho, mimi nawaza bei ya matairi. Halafu yule mume akarudi nyumbani mvua imemnyeshea, wakatazamana mlangoni kitambo, wakashikana, na kabla sijaelewa tunakwenda wapi, vifungo vikaanza kufunguliwa.

Hapo ndipo ningependa mngeuona ule ukumbi. Kikohozi kilizuka kila upande kama vumbi limeingia, wanafunzi wakacheka kile kicheko cha puani, mama mmoja akasema "Mana yanje!", yaani Mungu wangu, akajifunika uso kwa kitenge (lakini pembeni kitenge kiliacha nafasi, na jicho nililiona), bwana mwingine akatoa simu akaisoma kwa bidii sana, na simu yenyewe ilikuwa imezimika. Vifungo vikaisha, wakafika kitandani, na aliyetengeneza filamu ile hakuwa na haraka hata kidogo.

Nikahisi macho ya Haji Sudi kwenye kisogo changu. Nikajiambia, Issa, hapa ndipo mtu anaonekana. Ningeweza kuinamisha macho kama Mwislamu mwenye akili zake, mambo yapite, lakini macho yaliyoinama gizani nani anayaona? Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba kichwani, ya heshima na watoto wetu na kizazi cha leo, lakini ikatoka "Astaghfirullah!" moja tu, kubwa, na ya kuvunjika katikati. Nikangoja nusu ya ukumbi isimame pamoja nami. Hakusimama mtu.

"Papa, kaa, unatuziba!" sauti ikatoka nyuma.

Mariamu akanivuta shati. "Baba Shakuru, kaa."

Sasa mtu akishasimama kwa ajili ya dini anakaaje? Mlango tulioingilia ulikuwa nyuma, lakini nikiupita ule nani atajua nimekasirika? Nikauchagua ule wa mbele, karibu na shuka, ili nionekane vizuri. Nikaonekana. Nilipopita mbele ya ule mwanga, kivuli changu kikapanda juu ya shuka, kikalala kitandani katikati ya yule mume na yule mke, kichwa kama boga.

"Eeh, wamekuwa watatu!" akasema mwanafunzi mmoja, na ukumbi ukapasuka kwa vicheko.

Nikainama, mkono nimeushika tumboni kuzuia shati lisipeperuke, nikakimbilia ule mlango na kuufunga nyuma yangu. Kumbe haukuwa wa kutokea. Ni kijumba cha kuwekea viti, kimefungwa pande zote isipokuwa upande mmoja uliozibwa na lile shuka, na shuka lilikuwa jepesi, picha inapenya. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nakimbia uchafu nikajikuta nimebaki nao peke yangu, mkubwa kama nyumba, hatua moja kutoka puani mwangu. Nikarudi nyuma kwa hofu, mgongo ukagonga mlima wa viti vya plastiki, vyote vikaja chini kwa kishindo ambacho nadhani hata mtaa wa mbali wa Carama walikisikia.

Yule bwana wa kompyuta akashtuka akasimamisha filamu. Taa zikawashwa. Na aliisimamisha pale pale, jamani, pabaya kuliko pote. Basi nikatoka, kiti kimening'inia kwenye mguu, nikasimama kando ya ile picha iliyoganda, na watu wote wakawa hawana pengine pa kuangalia: ni sisi watatu tu.

Madamu Goreti, aliyepangwa kuongoza mazungumzo, akaja mbio. "Papa, kuna shida gani?"

Nikainama kukivua kile kiti mguuni. Ndipo Mariamu akasimama, taratibu, akasema, "Mumusamehe, bwana wangu tumbo limemushika."

"Yoooo!" ukumbi wote ukanihurumia. Wakanionyesha choo kwa vidole. Ningefanya nini? Nikaenda. Nikakaa mle na afya yangu nzima mpaka filamu ikaisha, nikasikia kupitia ukutani kimya kirefu, halafu watu wanapenga kamasi, halafu makofi, halafu sauti za mazungumzo, na moja kama ya mke wangu.

Nilipojitokeza, Haji Sudi alikuwa uani, macho mekundu. "Pole, Issa. Mi nilikuwa naona unavyohangaika, nikamwambia mama, huyu mutu tumbo linamusumbua. Lakini umekosa filamu, bwana."

"Haji," nikasema kwa sauti ndogo, "na yale mambo ya kitandani?"

"Niliinamisha macho, yakapita. We hukujua? Wale walikuwa wamezika mutoto. Ndio walikuwa wanaanza kurudiana." Akajifuta macho. "Na sisi tulizika." Akamshika mkewe mkono, mbele za watu, wakaondoka hivyo hivyo.

Njiani Mariamu alitangulia hatua mbili mbele yangu. Nikajaribu, "Asante kwa lile la tumbo."

"Nilisema tumbo kwa sababu sikuweza kusema kiburi," akajibu. "Nilitaka tuione pamoja, tufike nyumbani tuongee. Sasa nimeongea na watu nisiowajua."

"Ulisema nini?"

"Ungekaa, ungesikia."

Kuanzia Jumapili dawa zikaanza kufika: majani ya mpera, maji ya mchele, jirani mmoja akaniletea chupa ya mizizi na kunisimamia mpaka niimalize (na hiyo, naapa, ilinipeleka chooni kweli). Nikikataa naambiwa naona haya. Kamati ikachukua mtu mwingine, Haji akasema kwa upole, afya kwanza.

Mwezi ujao kituo kinaonyesha filamu nyingine, ya mume na mke vile vile. Nilimwomba Mariamu twende, akafikiri sana, akakubali kwa sharti kwamba yeye akae upande wa njia na mimi upande wa ukuta. Nimelipokea. Picha ikinishinda nitainamisha macho, na hapo gizani asinione mtu. Lakini wavuane nguo, wavuane hata ngozi, mimi Issa sisimami tena mpaka mazungumzo yaishe. Nataka kusikia mke wangu anasema nini.